UZI: Marekani alipiga Hiroshima na Nagasaki kumaliza vita au kumtisha Stalin? Mi naona swali lenyewe tunaliuliza vibaya

Mkwezi Mkuu (mtoa mada)

Wakuu salaam. Kila Agosti ikifika lazima humu mtu aanzishe mada ya Hiroshima, na kila mwaka tunagawanyika makundi yaleyale mawili. Wa kwanza wanasema bila bomu Mjapani angepigana mpaka mtu wa mwisho, kwa hiyo bomu liliokoa roho za watu. Wa pili wanasema Mjapani alishakwisha kitambo, lile bomu lilikuwa salamu kwa Stalin. Nimeifuatilia hii kitu miaka mingi na naona wote mnabishana kuhusu kikao ambacho hakikuwahi kukaa. Mnamuwaza Truman, rais wa Marekani, yuko ofisini usiku wa manane amejishika kichwa, mezani kuna karatasi mbili, piga na usipige, halafu mnauliza alichagua ya kupiga kwa sababu gani. Hiyo siku haipo wakuu. Hakuna aliyehitaji sababu ya kulipiga. Aliyehitaji sababu ni yule ambaye angetaka kulizuia, na mtu wa namna hiyo mwenye cheo cha kutosha hakuwepo. Stalin yupo kwenye hii habari ila anaingia baadaye na kwa mlango mwingine, nitafika huko. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, na mods naombeni msiuunganishe na ule wa mwaka jana.

Tuanze na amri yenyewe maana ipo na inasomeka. Ni ya tarehe 25 Julai 1945, imesainiwa na Jenerali Thomas Handy aliyekuwa anakaimu Washington wakati bosi wake Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu, yuko Potsdam, Ujerumani, kwenye mkutano wa wakubwa na Stalin, inakwenda kwa Jenerali Spaatz wa jeshi la anga. Inasema kikosi cha 509 kidondoshe bomu maalumu la kwanza mara hali ya hewa itakaporuhusu kuiona shabaha kwa macho, kuanzia kama tarehe 3 Agosti, kwenye mji mmoja kati ya Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Halafu kipengele cha pili kinasema mabomu mengine yatadondoshwa kwenye shabaha hizo kila yatakapokuwa tayari. Basi. Haisemi ngoja tuone Mjapani atajibu nini, haisemi baada ya la kwanza simama uulize. Na cheki tarehe: ile tamko la Potsdam la kumwambia Mjapani ajisalimishe lilitolewa tarehe 26, yaani siku moja BAADA ya amri. Ni kweli amri ingeweza kufutwa akikubali, sikatai, lakini mashine ilikuwa imeshawashwa kabla mtu hajaulizwa.

Kwa hiyo ukiniuliza nani aliamua Nagasaki ipigwe nitakujibu hakuna. Hakukuwa na amri ya pili. Bomu lilikuwa tayari, wataalamu wa hali ya hewa wakasema kuanzia tarehe 10 mawingu yatafunga, wale jamaa kule kisiwani Tinian wakaisogeza ratiba kutoka tarehe 11 kuja 9. Na hata hivyo Nagasaki haikuwa ya siku hiyo, ndege ilitumwa Kokura, ikazunguka juu ya mji mara tatu haioni chini kwa moshi na ukungu, mafuta yanapungua, ndo wakageuza kwenda Nagasaki nako wakakuta mawingu, wakaliachia saa 5:02 asubuhi juu ya bonde la Urakami, kama kilomita tatu kutoka pale walipopanga. Urakami ndo ilikuwa mtaa wa Wakatoliki wa Japani, kanisa kuu lao liliwaangukia waumini waliokuwa ndani.

Sasa rudi nyuma. Truman amekuwa rais tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alipofariki. Alikuwa makamu wa rais na mradi wa bomu hakuujua, Waziri wa Vita Henry Stimson alikuja kumkalisha chini na kumwelezea vizuri tarehe 25 Aprili. Huo mradi umeanza 1942, umekula dola bilioni mbili za wakati ule, umeajiri watu zaidi ya laki moja, viwanda vizima vimejengwa porini Tennessee na jimbo la Washington. Na Roosevelt na Churchill walishaandikiana Septemba 1944 kwamba bomu likikamilika, baada ya kutafakari vizuri, huenda likatumika kwa Mjapani. Jenerali Groves aliyeusimamia mradi alikuja kuandika mwenyewe baadaye kwamba uamuzi wa Truman kimsingi ulikuwa ni wa kutoingilia, kutovuruga mipango iliyopo. Huyo ndo bosi wa mradi anasema hivyo, sio mwanaharakati. Jiulize ni rais gani mgeni wa miezi mitatu angesimama mbele ya Bunge na mama za askari aseme silaha tulikuwa nayo tumetumia bilioni mbili ila niliona vibaya.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

Bwana Ugomvi

Mkuu umeandika vizuri ila unazunguka. Okinawa walikufa Wamarekani zaidi ya 12,000, Wajapani zaidi ya laki na raia kibao, na hicho ni kisiwa tu. Iwo Jima ni mwamba mdogo walikufa karibu 7,000. Sasa wavamie Japani yenyewe? Mpango upo, Kyushu tarehe 1 Novemba 1945, halafu uwanda wa Tokyo Machi 1946. Watu milioni wangekufa. Hiyo ni sababu tosha, hata mimi ningelipiga, tuache kuwalaumu watu kwa akili za leo.

Dada wa Tanga

Nimekaa hapa na chai yangu. Ila swali langu la siku zote, kwa nini wasingelipiga mahali pasipo na watu kwanza, kisiwani au baharini, Wajapani waone wenyewe? Lazima ushuke kwenye vichwa vya watoto?

Msee wa Nakuru

Wasee mnatetea nini, rangi tu. Mjerumani hangepigwa hiyo kitu.

Mkwezi Mkuu

Nimerudi. Bwana Ugomvi, kaka, hoja yako ya uvamizi naiheshimu kuliko unavyodhani. Inteligensia ya Marekani ilikuwa inasoma simu za maandishi za siri za Wajapani na ilikuwa inaona kabisa vikosi vinavyomiminika Kyushu mwezi Julai, kufika Agosti makadirio yalikuwa yamepita askari 500,000, palepale walipopanga kushuka. Mtu aliyekuwa na mtoto wake jeshini alikuwa na haki ya kuogopa. Ila hiyo milioni yako ina historia yake. Kikao cha Ikulu cha tarehe 18 Juni 1945 ndo kilipitisha uvamizi wa Kyushu, na hapo Marshall aliwaambia siku 30 za kwanza hazitazidi gharama ya kisiwa cha Luzon, ambayo ilikuwa kama 31,000 ukijumlisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Milioni imekuja kushika kasi Februari 1947, Stimson alipoandika makala kujibu watu waliokuwa wameanza kuuliza maswali, na yeye hakusema milioni wafe, alisema milioni ukichanganya na majeruhi. Kutoka hapo ikawa inakua kila mwanasiasa anapoisimulia. Uvamizi ulikuwa hofu ya kweli, ila hiyo hesabu ni ya baada ya mazishi.

Halafu kuna kitu watu hawakioni. Hao wakubwa hawakuwa wanalinganisha bomu na uvamizi, hawakukaa wakasema tuchague kimoja. Walikuwa wanapanga vyote kwa pamoja: bomu, kuchoma miji, kuzuia meli za chakula, Mrusi aingie, uvamizi Novemba. Kimoja kisipomwangusha kingine kitamwangusha. Hiyo ya bomu AU uvamizi imetengenezwa vita ilipoisha.

Dada wa Tanga, swali lako liliulizwa na wanasayansi wenyewe. Tarehe 11 Juni 1945 kundi la wanasayansi wa mradi kule Chicago chini ya James Franck lilipeleka ripoti likisema onyesheni kwanza jangwani au kisiwani mbele ya mataifa, mkilipiga ghafla mtaanzisha mashindano ya silaha na hakuna atakayewaamini tena. Tarehe 16 Juni jopo la wanasayansi wanne, Oppenheimer, Fermi, Lawrence na Compton, wakajibu kwamba hawaoni onyesho la kitaalamu linaloweza kumaliza vita. Hofu zilikuwa nyingi: lisipolipuka itakuwa aibu, Wajapani wanaweza kupeleka mateka wa Kimarekani palepale, na mabomu yenyewe yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Mwanasayansi mwenzao Szilard akazungusha barua ya kumsihi rais, wakasaini watu 70, Julai 17. Haikumfikia rais. Na kamati ya Stimson ilishasema tangu tarehe 1 Juni, litumike mapema, bila onyo, kwenye kiwanda cha vita kilichozungukwa na nyumba za wafanyakazi. Soma hiyo sentensi polepole. Nyumba za wafanyakazi zimo ndani ya shabaha, hazikuwa bahati mbaya.

Tarehe 9 Agosti Truman alisema redioni kuwa Hiroshima ni kambi ya jeshi. Ni kweli makao makuu ya Jeshi la Pili yalikuwa pale na askari walikuwa wengi. Lakini shabaha waliyompa mpiga bomu ilikuwa daraja la Aioi, lile lenye umbo la T katikati ya mji, kwa sababu linaonekana vizuri kutoka juu. Viwanda vikubwa vya Mitsubishi vilikuwa pembeni huko baharini. Asubuhi ile king'ora kililia, ikapita ndege ya hali ya hewa, saa 1:31 wakapiga cha usalama watu wakatoka mashimoni. Saa 2:15 barabara zilikuwa zimejaa wanafunzi wa miaka 12, 13, wametolewa madarasani kubomoa nyumba ili moto wa mabomu ya kawaida ukija usivuke mtaa. Wengi wao walikuwa wazi kabisa chini ya anga lile. Kufika mwisho wa mwaka Hiroshima makadirio ni watu kama 140,000, Nagasaki kama 70,000, na humo kuna Wakorea maelfu waliokuwa wameletwa kufanya kazi kwa nguvu, hao hata kwenye kumbukumbu walichelewa kuingizwa.

Msee wa Nakuru, ubaguzi ulikuwepo, propaganda yao ilimchora Mjapani kama nyani, na Wamarekani wa asili ya Kijapani walifungiwa kambini wakati wale wa asili ya Kijerumani kwa mamilioni wako majumbani mwao. Ila mradi ulianza kwa hofu ya Hitler, na bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 16, Mjerumani ameshajisalimisha Mei. Na Hamburg na Dresden waliwashwa moto bila kuulizwa rangi. Rangi ilisaidia watu kulala usingizi baadaye, hivyo ndo naiona.

Mtoto wa Likasi

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Katanga na kila mara nikisoma habari hii natafuta kama kuna mtu atataja Shinkolobwe, hakuna. Urani ya lile bomu nyingi ilitoka kwetu, karibu na Likasi, wakati ule unaitwa Jadotville. Edgar Sengier bosi wa Union Minière alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe New York mwaka 1940, zikakaa kwenye mapipa ghalani Staten Island, jeshi la Marekani lilipokuja kumuuliza 1942 akawaambia mbona mzigo uko hapa hapa. Mawe ya kwetu yalikuwa na urani mpaka asilimia 65, kule Kanada na Amerika walikuwa wanashangilia asilimia moja isiyofika. Wazee wetu waliyachimba kwa mikono wakayabeba kwenye magunia na hakuna aliyewaambia ni ya nini. Mgodi ulifungwa, ukachimbwa tena na vijana wa kujitafutia, serikali ikaufunga tena 2004. Mkiongelea sababu, ongeeni na hii: kwa nini Kongo ilifichwa? Baada ya vita walitaka urani hiyo isiende kwa Mrusi hata kilo moja.

Dada wa Tanga

Kumbe! Hili shuleni hatukulisikia kabisa.

Mkwezi Mkuu

Ndugu yangu wa Likasi asante sana, na umenifungulia mlango wa Stalin kwa sababu Groves ndo hivyohivyo alivyokuwa anafikiri. Tangu vita haijaisha alikuwa anahesabu nani ataidhibiti urani ya dunia. Mwanasayansi mmoja Joseph Rotblat alisimulia kwamba Machi 1944 alimsikia Groves mezani akisema shabaha halisi ya mradi ni kumtiisha Mrusi. Rotblat akaondoka mwisho wa mwaka ule ilipojulikana Mjerumani hana bomu. Katika maelfu yale ya wanasayansi ndo huyohuyo anayetajwa kuwa aliondoka kwa sababu ya dhamiri.

Sasa twende Potsdam, hapa ndo patamu. Truman alienda kule Julai akiwa ANAMTAKA Mrusi aingie vitani. Tarehe 17 Stalin akamthibitishia ataingia katikati ya Agosti, Truman akaandika kwenye shajara yake kwamba hilo likitokea Wajapani ndo mwisho wao, na kesho yake akamwandikia mke wake kwamba amekipata alichokifuata. Huyo sio mtu ambaye shida yake ni kumzuia Mrusi. Ila bomu la jaribio lilikuwa limelipuka New Mexico tarehe 16, na tarehe 21 ikafika ripoti kamili ya Groves, kurasa na kurasa, mnara wa chuma umeyeyuka ukawa mvuke. Churchill alisema kesho yake Truman alikuwa mtu mwingine kikaoni, anawaelekeza Warusi hiki hapana kile ndiyo. Tarehe 24 akamfuata Stalin kikao kikivunjika, hakuchukua hata mkalimani wake, akamwambia kwa kupitapita tu kwamba wana silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin akajibu vizuri, natumaini mtaitumia kwa Wajapani. Truman akaona jamaa hajaelewa. Stalin alikuwa anajua zamani, jasusi wake ndani ya mradi, Klaus Fuchs, alishampelekea michoro.

Waziri wa Mambo ya Nje James Byrnes ndo wa kumwangalia. Huyu alikuwa na haraka. Tarehe 28 Julai alimwambia Forrestal, waziri wa majeshi ya majini, kwamba anataka sana habari ya Japani iishe kabla Warusi hawajaingia, akataja Dairen na Port Arthur, bandari za Manchuria, kwamba wakishafika pale kuwatoa itakuwa shida. Forrestal akaliandika kwenye shajara. Kwa hiyo wanaosema Stalin hakuwemo kabisa wanadanganya.

Lakini Stalin hakuwa sababu ya KULIPIGA, alikuwa sababu ya HARAKA na sababu ya kunyamaza. Tarehe 12 na 13 Julai Waziri Togo wa Japani alimpelekea balozi wake Moscow, Sato, simu akimwambia Mfalme anataka vita iishe, kikwazo ni hilo sharti la kujisalimisha bila masharti. Wamarekani walizisoma simu hizo, Truman mwenyewe aliziandika tarehe 18 kama simu ya Mfalme wa Japani kuomba amani. Rasimu ya Stimson ya tamko la Potsdam ilikuwa na mstari unaosema Wajapani wanaweza kubaki na ufalme wa kikatiba chini ya ukoo uleule. Mstari huo ukakatwa. Byrnes aliogopa wapiga kura wa nyumbani, Mfalme Hirohito kwao alikuwa wa kunyongwa, na bomu likiwepo kwa nini upunguze bei? Na sahihi ya Stalin haikuwekwa kwenye tamko, hata hakuulizwa, Wajapani wakaendelea kumtegemea awapatanishe. Ndo maana yake ya mlango mwingine: bila Mrusi bomu lingepigwa vilevile, ila huenda wangesubiri hata wiki, huenda ule mstari ungebaki.

Kobe Mkongwe

Vijana mnaandika kama Mjapani alikuwa malaika amekaa kwake anaombewa amani. Baba yangu alikuwa Keya, askari wa KAR wa Mwingereza, alipelekwa Bama (Burma) na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, mvua na malaria, 1944. Na meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wetu wa mizinga, hao nani anawawekea uzi kila Februari? Uchina, Indonesia, Ufilipino, kila mwezi vita inaposogea mbele watu wanakufa kwa njaa na panga. Hao mbona hamuwahesabu.

Mkwezi Mkuu

Shikamoo mzee. Umesema la haki na kwenye nyuzi hizi halisemwi. Hesabu ya kila mwezi wa vita kuchelewa ilikuwa inalipwa zaidi na Waasia kuliko Wamarekani, na Mjapani alifanya mauaji ya Nanjing, alifanya ya Manila, hakuna wa kumtetea humu. Ninachokataa ni kusema hiyo ndo ilikuwa sababu ya Washington, maana ukisoma vikao vyao Mchina na Mfilipino hawatajwi kwenye hesabu ya bomu.

Kitu kimoja kinachoonyesha akili yao ilikuwa wapi ni Tokyo. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Jenerali LeMay wa Marekani zilimwaga mafuta ya moto juu ya mitaa ya nyumba za mbao, wakafa kama laki moja usiku mmoja. Bila atomiki yoyote. Baadaye miji zaidi ya 60 ikachomwa. Sasa tarehe 6 Juni Stimson alimweleza Truman kwamba ana hofu mbili zinazogongana: hataki Marekani ionekane imempita Hitler kwa ukatili, na wakati huohuo anaogopa jeshi la anga litachoma Japani yote mpaka silaha mpya ikose mahali pazuri pa kuonyesha nguvu zake. Truman akacheka akasema ameelewa. Hiyo imo kwenye shajara ya Stimson mwenyewe. Hiroshima ilikuwa bado nzima kwa sababu ilikuwa imetengwa isiguswe, ili baada ya bomu waweze kupima limefanya nini. Na Stimson huyohuyo ndo aliyeing'oa Kyoto kwenye orodha, alishawahi kuutembelea ule mji, akang'ang'ania mpaka kwa rais. Kwa hiyo kuzuia kuliwezekana, waziri mmoja akiwa na sababu mji ulipona. Hiroshima hakuna mkubwa aliyekuwa na sababu yake.

Bwana Ugomvi

Sawa nimekuelewa kiasi. Ila lilifanya kazi au halikufanya? Tarehe 6 na 9 limepigwa, tarehe 15 Mfalme yuko redioni. Mtoto wa darasa la nne anaunganisha hiyo.

Mkwezi Mkuu

Unganisha na hii basi. Baada ya Hiroshima Baraza Kuu la Vita la Japani lilikaa lini? Asubuhi ya tarehe 9. Siku tatu. Tarehe 8 jioni balozi Sato anaitwa na Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, kule Moscow, anakwenda akidhani anapewa jibu la upatanishi alilolisubiri wiki kadhaa, anasomewa tangazo la vita. Masaa machache baadaye Mrusi yuko Manchuria na zaidi ya askari milioni moja. Ndo baraza likakaa, na habari ya Nagasaki ikawakuta wako kikaoni, na haikubadilisha kura hata moja: watatu kwa watatu. Togo, Yonai na Suzuki wanataka kukubali kwa sharti la Mfalme tu. Anami, Umezu na Toyoda, wakubwa wa jeshi, wanataka masharti manne, Mfalme abaki, wasikaliwe na jeshi la kigeni au likae kidogo tu, wajinyang'anye silaha wenyewe, na wahalifu wa vita wawahukumu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 ndo Hirohito akaombwa aamue.

Alikuwa anaogopa nini? Vyote. Kwenye hotuba ya redio ya tarehe 15 aliwataja raia bomu jipya la kikatili. Kwenye waraka wa tarehe 17 kwa askari wake bomu halimo, kuna Mrusi. Kila watu aliwapa sababu wanayoweza kuimeza. Mimi nampa Mrusi uzito mkubwa kidogo kuliko bomu kwa upande wa jeshi, kwa sababu mpango wao wote wa vita na mpango wao wote wa amani ulikuwa unategemea Mrusi akae pembeni, siku moja vyote viwili vikafa.

Dada wa Tanga

Kwa hiyo ule mstari wa Mfalme usingekatwa vita ingeisha Julai na watoto wale wangekuwa hai?

Mkwezi Mkuu

Dada, sidhani ingeisha Julai. Anami na wenzake walitaka manne, ungewapa moja wangesema bado matatu. Ila ungewapa kina Togo kitu cha kushika mkononi mapema, na kulikuwa na miezi mitatu mpaka uvamizi wa Novemba, hakuna kilichokuwa kinawaka pale Washington isipokuwa kalenda ya Byrnes. Kinachoniuma ni kilichofuata. Tarehe 10 Japani inasema tunakubali ila Mfalme asiguswe, tarehe 11 Byrnes anajibu kwa maneno ya kuzungusha kwamba Mfalme atakuwa chini ya kamanda mkuu wa mataifa washirika, maana yake atakuwepo. Akabaki kwenye kiti mpaka alipofariki 1989. Kilichokatwa kwenye karatasi ya Julai kilirudishwa Agosti kwa mlango wa nyuma, katikati hapo ndo kuna Hiroshima na Nagasaki.

Msee wa Nakuru

Na bomu la tatu? Nasikia lilikuwa njiani.

Mkwezi Mkuu

Lilikuwa. Groves aliandika tarehe 10 Agosti kwamba lingine litakuwa tayari kupigwa baada ya tarehe 17 au 18. Marshall akaandika kwa mkono palepale kwenye waraka kwamba lisitumike Japani bila idhini ya wazi ya rais. Siku hiyohiyo Truman aliwaambia mawaziri wake amesimamisha, Henry Wallace, waziri wake wa biashara, akaandika kwamba rais alisema wazo la kufuta watu laki moja wengine ni la kutisha mno, hapendi kuua wale watoto wote. Kwa hiyo ukitaka kuona Truman akiamua jambo la bomu kwa kinywa chake, ni tarehe 10 Agosti, na aliamua kusimamisha. Mabomu ya kawaida hayakusimama, ndege za B-29 kwa mamia zilikuwa juu ya Japani mpaka tarehe 14, nyingine zilikuwa bado hazijatua zinarudi Truman anatangaza kwamba vita imekwisha.